Kichwa Kilichotiwa Chumvi

"Kombo, usifunue! Iache hapo hapo chini!"

Kombo akaiweka ndoo sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Ilikuwa ndoo ya bluu ya kubebea papa, mfuniko umefungwa kwa kamba ya nyavu, na harufu ya kijiji kizima cha wavuvi cha Kigombe imo ndani yake. Nasma alisimama mlangoni mwa maabara ya mifugo, koti jeupe limefungwa mpaka shingoni, ushungi umekaa sawasawa, moyo tu ndio haukukaa sawa. Siku kumi na saba hakumwona mwanamume huyu. Simu zake zilikuwa fupi, ujumbe wake mkavu. Leo saa tatu asubuhi anamtokea, na zawadi aliyomletea ni kichwa cha mbwa. Wasichana wengine wa Tanga huletewa asmini, jamani!

Na afadhali angekuja peke yake. Nyuma yake, kwenye benchi la barazani, ameketi Bi Mwamvua, mama mzazi wa Kombo, leso ameibana puani kama aliyekaa karibu na choo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikatoka nyuma ya leso.

Nasma hakushangaa. Miezi miwili nyuma, mama huyu alikuja nyumbani kwao na wazee kumwangalia mchumba. Nasma alipika mkate wa sinia tangu alfajiri, ukavimba, ukanukia iliki mtaa mzima. Wazee walikula wakaomba tena. Bi Mwamvua aliisogeza sahani yake pembeni kwa ncha ya kidole, akasema, "Nimefunga." Ilikuwa Jumamosi tu ya kawaida. Mtu mzima anajua kutukana bila kufungua mdomo.

Sababu ilijulikana. Nasma ni mtaalamu wa maabara. Mbwa akiuma watu, kichwa chake huletwa hapa, naye huchukua ubongo na kutafuta ndani ya seli zake virusi vya kichaa cha mbwa. Kazi hiyo aliipenda na aliijua, na waganga wa mifugo kutoka Pangani mpaka Mkinga walikuwa wakisema kwenye simu, "Mpelekeeni yule binti, hakosei."

"Barafu iko wapi?" Nasma aliuliza. "Nilikwambia mara ngapi, kichwa huja na barafu?"

Kombo akajikuna shingo. "Hakuna barafu. Kimetiwa chumvi."

"Kimetiwa nini?"

"Chumvi," Bi Mwamvua akadakia, na safari hii leso ilishuka kidogo. "Mimi ndiye niliyeamuru. Miaka thelathini na moja natia papa chumvi, hajaniozea hata mmoja. Nikawaambia wale vijana, vaeni mifuko mikononi, kijazeni chumvi mpaka masikioni. Au nimekosea?"

Kuna makosa ya kugombwa na kuna makosa ya kumezwa.

"Nani kaumwa?" Nasma akauliza badala yake.

Kombo akatazama mwarobaini wa uani kana kwamba ndio kwanza auone. Nasma akamwangalia mabega, kiuno, akashuka mpaka miguuni. Alikuwa amesimamia mguu mmoja kama korongo.

"Pandisha suruali."

"Nasma, si kitu…"

"Nimesema pandisha!"

Akapandisha. Kwenye shavu la mguu wa kushoto palikuwa na matundu manne ya meno, ngozi imesuguliwa mpaka ikawa nyekundu.

"Lini?"

"Jana alasiri. Nilikuwa ufukweni nafungua mashine ya boti, nimeinama, nikashtukia meno. Sikumchokoza, wallahi. Mate yalikuwa yakimchuruzika."

"Mbwa wa Zabron mlinzi huyo," mama yake akasema. "Namjua tangu akiwa mdogo. Kakanyagwa mkia tu."

"Na sindano umechoma?"

"Nilisema nikuletee kichwa kwanza. Ukisema anao ugonjwa, ndipo…"

"Sindano haingojei kichwa!" Sauti ya Nasma ilipasuka, na machozi yakamtangulia maneno. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Kombo! Hivyo virusi vinatambaa kwenye mishipa ya fahamu. Vikifika kwenye ubongo wako, hakuna daktari wa kukuponya, hapa wala ng'ambo. Unanisikia? Mimi vichwa hivi navisoma kila wiki. Sitaki siku moja niambiwe habari zako!"

Kombo alimtazama. Macho yake makubwa yale, yaliyomfanya Nasma akosee hesabu za chenji siku walipokutana sokoni Ngamiani, yalijaa aibu. Bodaboda iliitwa, akapanda.

"Nenda hospitali moja kwa moja. Useme umeumwa na mbwa na hujachoma hata moja."

"Nasma." Aligeuka, pikipiki inanguruma. "Vijana walikuja na marungu. Niliwapigia kelele: pigeni kwingine, kichwa msikiguse, Nasma anakihitaji!"

Pikipiki ikaondoka. Nasma hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili kwa mkono mdomoni.

"Mama, hukwenda naye?"

"Mimi sikuumwa." Bi Mwamvua aliweka leso mapajani, akaikunja mara mbili. "Mimi nina neno langu na wewe, na sitakuzungusha. Barua yetu ya posa mliipokea, mkajibu, ndoa ni baada ya Maulidi. Mwanangu anakupenda, sikatai. Lakini mkono unaoshika ubongo wa mbwa hautapakua chakula nyumbani kwangu. Mbwa ni najisi, na najisi yake ni nzito, hata madrasa ulifundishwa. Kazi hii uiache. Hutaki, nitatuma wazee waifuate barua yao. Nilimwambia Kombo akwambie, siku kumi na saba anameza mate. Nimekuja mwenyewe."

Kumbe! Siku kumi na saba zote zile zilikuwa hili. Nasma alimpenda Kombo mapenzi ya kutopitisha chakula kooni. Akisikia mtu kataja Kigombe tu, hugeuka. Angesema "naacha" pale pale, mama angetabasamu, na baada ya Maulidi angelala kifuani pa yule aliyepiga kelele wasiguse kichwa.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka tulivu kuliko alivyotarajia, "nimekusikia na nimekuheshimu. Nami nikwambie kwa adabu zote: siachi. Wewe ukishika kisu cha papa, Kigombe nzima inajua hapo pana bingwa. Mimi nikishika darubini ni hivyo hivyo. Nikiacha, utapata mkwe, lakini atakuwa nusu mtu. Sasa niruhusu, maana kilichomo kwenye ndoo hii kimemng'ata mwanao."

Akainama, akainyanyua ndoo mwenyewe, akaingia ndani.

Mwenzake Loveness, Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri asiyekosa kwaya wala utani, alikuwa amekwisha kutandaza vifaa. Wakavaa aproni, miwani, glovu mbilimbili. Wote walikuwa wamechanjwa zamani. Mfuniko ulipofunguka, Loveness akaguna.

"Mai wee! Bibi amekitengeneza haswa. Kimebaki kukaangwa."

"Nyamaza nisicheke, mkono utanicheza."

Chumvi ilikuwa imefanya kazi yake. Ngozi imejikunja, nyama ya shingo imekauka na kuwa ngumu kama ng'onda, samaki wa kukaushwa juani. Chumvi hunyonya maji, na seli ikinyonywa maji hunywea, ukiitazama kwenye kioo huoni lolote la maana. Mwingine angeandika kwenye kitabu: *sampuli imeharibika*, akaenda kunywa chai.

Nasma hakuandika. Alikigeuza kile kichwa, akatazama tundu la nyuma, pale uti wa mgongo unapoingilia fuvu.

"Mfupa ni mfupa," alisema polepole. "Chumvi imekula nje. Usiku mmoja tu haujafika ndani. Nipe mrija."

Alipitisha mrija kwenye lile tundu, akausukuma kuelekea usawa wa jicho, akiuzungusha taratibu, mpaka akausikia mkononi umeingia mahali laini. Akautoa. Ndani yake palikuwa na kipande cha shina la ubongo, laini, kibichi, hakijaguswa na chumvi hata punje.

"Umekipata!" Loveness akanong'ona.

"Nimekipata."

Alikigusisha kwenye vipande vidogo vya kioo, kila kimoja mguso mmoja, seli zikabaki zimejipanga kwenye duara. Akaviweka kwenye asetoni ndani ya friza, saa nzima, seli zishike kioo na zisiteleze. Kisha akavidondoshea ile dawa ya kung'aa, ambayo hushikamana na virusi vya kichaa cha mbwa tu, vingine vyote haivijui. Pembeni akaweka vioo viwili vya kupimia ukweli: kimoja cha mbwa aliyejulikana mzima, kimoja cha mbwa aliyejulikana mgonjwa. Bila hivyo viwili, jicho linaweza kuona linachotaka. Na siku hiyo jicho la Nasma lilikuwa na cha kutaka.

Wakati dawa ikisubiriwa, adhana ya adhuhuri ikalia. Kupitia dirishani Nasma alimsikia Bi Mwamvua akielekea bombani kutawadha. Maji yakafunguliwa, yakafungwa.

"Wewe binti," mama yule akamwita Loveness, aliyekuwa ametoka kupunga upepo, "kopo hili la udongo hapa bombani la nini? Mnapanda maua?"

"La Nasma hilo, mama. Mimi ndiye ninayemletea kutoka kwetu Bumbuli, udongo msafi, nauchekecha kabisa."

"Wa nini?"

"Wa kuoshea mikono. Kila akimaliza kazi. Maji mara saba, na moja kwa udongo. Tunavaa glovu mbili, mkono haumgusi mbwa hata kidogo, lakini yeye lazima. Siku moja bomba lilikauka, alikaa hapa mpaka magharibi akingoja maji. Nikamwambia, bibi wee, nenda kwenu. Akasema, siwezi kumshika mama yangu mkono hivi."

Maji hayakufunguliwa tena kwa muda mrefu. Nasma alisimama ndani, ameegemea ukuta, hajui afiche wapi uso wake.

Kombo alirudi saa saba, plasta begani, bandeji mguuni. Nasma alimkuta chini ya dirisha la nyuma.

"Wamekuchoma?"

"Begani, na nyingine wamezungushia kidonda. Nimeona nyota. Na nimepewa tarehe za kurudi."

"Utarudi zote."

"Nitarudi zote."

Wakatazamana. Palikuwa na hatua mbili kati yao, na hakuna aliyezipunguza.

"Siku kumi na saba, Kombo. Unamwogopa mama yako kiasi hicho?"

"Sikuwa namwogopa mama." Alishusha macho, akayarudisha. "Nilikuogopa wewe. Niliogopa nikikwambia, utakubali. Ungeacha kazi kwa ajili yangu, ningekuoa, kisha nikae na mtu mwingine mwenye sura yako. Yule niliyempenda anasema *sikosei mimi* huku kidevu kimepanda juu. Huyo ndiye namtaka."

"Sikuringa hivyo!"

"Uliringa. Siku ya kwanza kabisa. Nikasema, huyu ndiye."

Nasma alicheka, machozi yakamlenga. "Nimemwambia mama siachi."

"Najua. Loveness kanihadithia getini. Na mimi nimemwambia mama: wazee wakienda kuifuata barua, nitaandika nyingine kwa mkono wangu na kuileta mwenyewe, hata nikija peke yangu."

"Akasemaje?"

"Anatazama kopo la udongo tu."

Ndani, taa zikazimwa, mapazia yakashushwa. Utaratibu wao ulikuwa mmoja, hauvunjwi kwa mtu yeyote: kila mmoja anasoma peke yake, anaandika kwenye karatasi yake, hakuna kuambizana. Loveness akatangulia, akaandika, akakunja. Nasma akaketi. Akatazama kioo cha mbwa mzima: giza. Kioo cha mbwa mgonjwa: nuru. Akapumua, akaweka kioo cha mbwa wa Zabron.

Aliona mara moja. Hata hivyo alizunguka kioo chote, kona kwa kona, kama alivyofundishwa, ndipo akaandika. Karatasi zikafunuliwa juu ya meza. Neno moja, mara mbili: *Anao.*

Nasma alitoka barazani.

"Mama, njoo uone mwenyewe."

"Mimi? Humo ndani?"

"Humo ndani. Loveness atakupa koti."

Mtu asiyeamini amwulize Loveness mpaka leo: Bi Mwamvua wa Kigombe aliingia maabara amevaa koti jeupe juu ya baibui, mikono ameikumbatia kifuani asiguse kitu. Akainamisha jicho kwenye darubini.

"Mbona usiku mtupu?"

"Huyo ni mbwa mzima. Sasa tazama huyu wenu."

Nasma akabadilisha kioo. "Lo! Vimulimuli! Kijani, wamejaa… Ndio hao virusi?"

"Virusi vyenyewe ni vidogo mno, hata darubini hii haivioni. Hiyo ni dawa iliyovishika. Kila panapowaka, ndani ya seli vimo. Mbwa wa Zabron hakukanyagwa mkia, mama. Mbwa alikuwa mgonjwa."

Bi Mwamvua aliinua uso. Leso haikuwa puani tena. "Na ile chumvi yangu?"

"Iliharibu nje. Ndani nilikuwahi."

"Ulipitia wapi?"

"Kwa nyuma, kwenye uti."

"Ehee," mama akasema, jicho likamwaka kwa namna ambayo Nasma hakuwahi kuiona. "Papa mkubwa naye hupitiwa huko. Akiharibika ubavu, nyama ya mgongoni huwa nzima. Kumbe nawe unajua kuchagua."

Ilikuwa sifa. Kutoka kwa mtu huyu, ilikuwa sifa kubwa, na Nasma aliipokea kwa kuinamisha kichwa.

"Mama, mguu wa Kombo nani aliuosha?"

"Mimi. Jana ile ile. Nisingeiacha najisi iingie nyumbani. Maji ndoo tatu na sabuni ya mche, mara saba, moja kwa mchanga. Nilimsugua mpaka akalia."

"Basi usije ukasema hukumtibu mwanao. Hilo ndilo la kwanza tunalowaambia watu, kidonda cha mbwa kioshwe robo saa kwa maji mengi na sabuni. Mchanga tu ndio siku nyingine uuweke mbali na kidonda. Ulimfanyia daktari nusu ya kazi."

Bi Mwamvua akakaa wima ndani ya lile koti. Kisha Nasma akauliza, taratibu, "Ulivaa kitu mkononi?"

"Nimwoshe mwanangu na mifuko?"

"Hebu nione mkono wako."

Hapo ndipo Nasma alipojitazama. Alikuwa amenyoosha mkono wake, ule ule usiotakiwa kupakua chakula, uko hewani mbele ya mwanamke huyu. Bi Mwamvua aliutazama. Akatazama dirishani, upande wa bomba. Kisha akaleta mkono wake, akauweka juu ya kiganja cha Nasma.

Ulikuwa mkono mgumu, umekatwakatwa na ngozi za papa. Kwenye kidole gumba palikuwa na jeraha bichi la kisu.

"La lini hili?"

"Jana asubuhi."

"Na mate ya mbwa yalikuwa kwenye kidonda ulichosugua. Mama, nawe utachomwa sindano. Leo hii."

"Astaghafirullah! Mimi sindano! Hata Kombo nilimzaa bila sindano!"

"Utachomwa, mama," Kombo akasema kutoka mlangoni. "Nasma kasema."

"Huyu hakosei," Loveness akamalizia.

Hospitalini Bi Mwamvua hakuuachia ule mkono. Aliuminya mpaka vidole vya Nasma vikafa ganzi, macho amefumba, anasoma kila sura aliyoijua. Nesi akamaliza, akafuta, akachukua kalamu.

"Bibi, tunaandika na mtu wako wa karibu, wa kukukumbusha tarehe. Huyu dada uliyemshika ni nani wako?"

Nasma alitaka kujibu kwa niaba yake, kumwondolea taabu. Bi Mwamvua akamtangulia, sauti juu, foleni nzima isikie.

"Mkwe wangu. Ndiye aliyekisoma kichwa chenyewe, yupo kazini pale maabara ya mifugo, na ataendelea kuwapo. Andika."

Nesi akaandika. Kombo, aliyesimama ukutani na bandeji yake, aligeuka akatazama nje, akijifuta uso kwa mkono wa shati. Kidevu cha Nasma kikapanda juu, chenyewe, bila ruhusa.

Walipofika getini, Bi Mwamvua akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Ule mkate wa sinia," alisema, anatazama barabarani, "siku ile ulitia iliki nyingi. Niliisikia harufu."

"Ndiyo, mama."

"Nyumbani kwenu unga upo?"

"Upo, mama."

"Basi twende ukapike," Bi Mwamvua akasema. "Leo sijafunga."